Msiitupe miche mitupu ya stroberi, ipandeni kwa kina chake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie miche ya stroberi inayouzwa bila udongo, mizizi ikiwa mitupu, imefungwa mafungu mafungu kwa uzi au mpira. Msimu wa kupanda ukifika, watu huinunua kwa hamu. Wakifungua mfuko wanakuta kitu kama ufagio uliochakaa: mizizi ya kahawia na vijani viwili vilivyonyauka, pengine hata hivyo havipo. Wapo wanaoitupa hapo hapo. Wapo wanaoipanda, na wiki tatu baadaye wanang'oa vitu vilivyooza na kutangaza kwamba stroberi haipandiki nyumbani. Mingi ya miche hiyo ilikuwa hai ilipofika mikononi mwao. Ilikufa katika siku chache za mwanzo, na sababu ni mbili zinazojirudia: mizizi iliachwa ikauke, au mche ulifukiwa kupita kipimo.

Sehemu ya lawama ni yetu sisi tunaoshauri. Maelezo mengi ya bustani husema "panda kwa kina cha kutosha", basi. Nyanya ukiifukia shina hutoa mizizi mipya na kuzidi kustawi. Stroberi ukiifukia inaoza. Sentimita mbili za ziada zinatosha kuiua, na mpandaji hatajua kosa lilikuwa wapi kwa sababu ushahidi uko chini ya udongo.

Ukiushika mche mkononi utaona sehemu tatu. Chini ni mizizi, kama nywele ngumu. Juu ni masalia ya vikonyo vya majani. Katikati kuna kipande kifupi kinene, mfano wa ncha ya kidole. Hilo ndilo taji, na ndilo shina halisi la stroberi, ila limebanwa likawa fupi. Majani, maua na marando, yaani kamba zake zinazotambaa, yote huchomoza kutoka kwenye taji, na moyo wa ukuaji uko kileleni mwake. Linataka hewa juu na unyevu chini. Ukiliziba juu, maji hutuama kwenye moyo na vimelea vya kuozesha huingia. Ukiliacha limening'inia juu ya ardhi, mizizi mipya inayotoka ubavuni mwake hukutana na jua na upepo badala ya udongo, nayo hukauka kabla haijashika.

Kwa hiyo kipimo ni hiki: mstari wa udongo ukate katikati ya taji. Nusu ya chini iwe ndani, nusu ya juu pamoja na moyo iwe nje. Mizizi yote ifunikwe.

Mche huo unaonekana mfu kwa sababu umelala. Wazalishaji huung'oa baada ya kupata baridi, ukiwa umekwisha kuhifadhi wanga ndani ya taji na mizizi, kisha huutunza kwenye jokofu karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi. Chakula cha majani ya kwanza kimo ndani yake tayari. Ndiyo maana mche usio na jani hata moja unaweza kuchipua ndani ya wiki moja hadi tatu, na ndiyo maana unapenda kupandwa wakati wa ubaridi, udongo ukiwa na unyevu lakini haujajaa maji.

Kabla hujaamua kwamba umekufa, ukague. Libonye taji kwa vidole: likiwa gumu ni zuri, likibonyea kama ndizi iliyoiva sana limeoza. Kwaruza mzizi kwa ukucha. Ndani ukiwa mweupe au wa rangi ya maziwa, uko hai. Ganda la mzizi likichomoka lote na kubaki uzi mwembamba katikati, mzizi huo umeisha. Ukungu mweupe kidogo juu ya majani makavu si wa kutisha, uondoe pamoja na majani hayo. Ukishuku fungu zima, toa mche mmoja sadaka na uupasue taji kwa urefu. Ndani kukiwa na wekundu wa kutu au ukahawia, huo ni ugonjwa. Usipande hata mmoja wa fungu hilo, maana vimelea vya namna hiyo vikishaingia kwenye udongo hukaa miaka.

Ikiwa tuta halijawa tayari siku miche inapofika, izungushie karatasi iliyoloweshwa na kukamuliwa, iweke kwenye mfuko wenye matundu machache, kisha kwenye sehemu ya mboga ya friji, kati ya nyuzi 0 na 4. Isikae jirani na ndizi au tufaha zinazoiva, kwa kuwa hewa ya etilini inayotoka kwenye matunda hayo hudhuru miche iliyolala. Isiwekwe kwenye sehemu ya kugandishia barafu. Siku chache hazina neno, wiki moja inavumilika, zaidi ya mbili ni kuuhatarisha mche. Asiye na friji achimbe mtaro mdogo kivulini, ailaze miche humo na kuifunika mizizi kwa udongo au mchanga wenye unyevu, taji likibaki nje.

Siku ya kupanda, loweka mizizi kwenye maji ya kawaida kwa dakika 20 hadi 30. Wengi huilaza majini usiku kucha wakidhani wanaifanyia hisani. Mizizi inahitaji hewa, na baada ya saa kadhaa majini huanza kuzimia. Mizizi mirefu kupita sentimita 15 ipunguze kwa mkasi safi ibaki kama 12. Hili linawatia watu hofu, ila mzizi mrefu uliokunjwa ndani ya shimo dogo ni hasara kubwa zaidi kuliko uliokatwa: ncha yake hugeukia juu, haishiki udongo wa chini, na mche hubaki ukiyumba.

Chimba shimo pana la kina cha sentimita 15 hivi. Katikati tengeneza kichuguu kidogo cha udongo, kalisha mche juu yake kama mtu aliyepanda farasi, na uitawanye mizizi pande zote ikishuka kwenye miteremko. Hakikisha usawa wa taji kwa kulaza kijiti juu ya shimo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kijiti kiguse katikati ya taji. Rudisha udongo, ushindilie kwa vidole pasibaki mifuko ya hewa, kisha mwagia polepole, nusu lita hadi lita moja kwa kila mche.

Kazi haijaisha hapo. Maji yakishanywea udongo hushuka, na mche hushuka nao au hubaki umechomoza. Rudi baada ya saa moja uangalie kila taji. Lililozama, liinue taratibu huku ukisukuma udongo chini yake. Lililo wazi, liongezee udongo ubavuni. Fanya hivyo tena baada ya mvua kubwa ya kwanza, kwa sababu matone husukuma tope hadi kwenye moyo wa mche. Ningeambiwa nichague agizo moja tu la kuwapa wapandaji wapya, ningechagua hili la kurudi kuangalia. Na wakati wote wa kupanda, miche inayosubiri zamu ibaki ndani ya ndoo au chini ya gunia bichi. Dakika kumi za jua na upepo hukausha vijizizi vyembamba vyote. Panda jioni au siku ya mawingu, na jua likiwa kali weka kivuli chepesi kwa siku nne au tano.

Kuhusu udongo sitachukua muda mrefu. Stroberi inataka udongo tifutifu unaopitisha maji, wenye pH (kipimo cha uchachu wa udongo) kati ya 5.5 na 6.5, na jua la saa sita hadi nane. Changanya mboji iliyoiva, tabaka la sentimita 5, kwenye sentimita 20 za juu. Samadi mbichi isikaribie: chumvi zake huunguza mizizi, nayo stroberi ni miongoni mwa mimea isiyovumilia chumvi, tena tunda lake hulala karibu na ardhi na huliwa bichi. Udongo wa mfinyanzi uinuliwe tuta la sentimita 20 hadi 30. Usipande palipotoka nyanya, viazi mviringo, biringanya au pilipili katika miaka mitatu au minne iliyopita, kwani mimea hiyo hubeba kuvu wa mnyauko aitwaye vetisiliamu ambaye huisubiri stroberi ardhini. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mara nyingi pH imepanda mno na mmea unashindwa kufyonza chuma. Hapo kuongeza mbolea hakusaidii, shughulikia pH.

Nafasi kati ya mche na mche hutegemea aina, na hapa ndipo wauzaji wanapowaacha wanunuzi gizani. Zipo stroberi za siku fupi, mfano Chandler, Camarosa, Honeoye na Elsanta, ambazo huandaa maua wakati mchana ni mfupi na kuna ubaridi, kisha huzaa kwa mkupuo mmoja wa wiki chache. Zipo nyingine zisizojali urefu wa mchana, kama Albion, San Andreas na Seascape, ambazo huzaa kwa awamu mradi joto halijazidi. Zile za kwanza hutoa marando mengi. Zipe sentimita 45 hadi 60, ukiziacha zijaze safu. Za pili hutosheka na sentimita 30, kwa safu mbili sambamba. Kwenye chungu chenye upana wa sentimita 30 na kina cha 20 au zaidi, miche mitatu inatosha. Chungu kiwe na matundu chini, na kisijazwe udongo mtupu wa shambani, maana humo hushikamana kama tofali.

Maua nayo yana mtihani wake. Mche uliopandwa ukiwa mtupu huweza kutoa ua mapema sana, wakati una majani matatu tu, na mwenye bustani hufurahi. Ua hilo litoe. Mche bado unajenga mizizi; ukiuacha ubebe tunda, utakupa moja dogo na kudumaa msimu mzima. Kwa aina zisizojali urefu wa mchana, nyofoa maua yote kwa wiki nne hadi sita tangu kupanda, kisha uache yaendelee. Matunda yataanza kuiva kama wiki kumi hadi kumi na mbili tangu siku ya kupanda. Kwa zile za siku fupi zilizopandwa majira yanapoanza kupata joto, nyofoa maua ya mwaka wa kwanza wote, mavuno yawe ya mwaka unaofuata. Najua ni ushauri unaouma. Sehemu ambazo hupandwa kabla ya ubaridi na kuvunwa miezi michache baadaye zina utaratibu wao, lakini hata huko mche mchanga usibebeshwe mzigo kabla haujasimama.

Marando ni zile kamba zinazotambaa kama za viazi vitamu na kuotesha vitoto njiani. Yakate kwa mkasi katika miezi ya mwanzo, kwa sababu ile ile.

Maji: mizizi mingi ya stroberi iko kwenye sentimita 15 za juu, ndiyo maana mmea huu huona kiu mapema. Kadiria lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, mvua ikiwemo, zikigawanywa mara mbili au tatu. Kwenye vyungu, joto likiwa kali, huenda ikawa kila siku. Mwagia asubuhi, chini ya majani. Ingiza kidole hadi kifundo cha pili: pakiwa pakavu, mwagia, pakiwa na ubichi, acha. Mche unaonyauka ilhali udongo umelowa haudai maji zaidi. Mizizi au taji la mche huo linaoza, na ndoo nyingine ya maji itaumaliza.

Matandazo ya nyasi kavu au mabua, unene wa sentimita 5 hivi, huhifadhi unyevu na kuzuia tunda lisiguse tope. Yasirundikwe juu ya taji. Penye jua kali karatasi nyeusi ya plastiki huchemsha mizizi, afadhali nyasi.

Mbolea usiikimbilie. Mche uliolala hauna majani ya kuitumia. Subiri majani matatu au manne mapya yafunguke, ndipo uanze kiasi kidogo kilichoyeyushwa majini au mboji ubavuni. Naitrojeni nyingi huleta majani mapana ya kupendeza, maua machache, na matunda laini yanayooza upesi. Anayelalamika kwamba stroberi yake ni kijani tupu aanze kuhesabu mara alizoweka mbolea.

Watu huniuliza kwa nini matunda yao yamepinda au yana upande mmoja uliodumaa. Zile punje ndogo juu ya ngozi, tunazoziita mbegu, kibotania ndizo matunda yenyewe. Nyama nyekundu ni kitako cha ua kilichovimba. Kila punje iliyochavushwa hutoa kichocheo kinachovimbisha nyama iliyo karibu nayo. Punje zisipochavushwa upande mmoja, upande huo haukui. Nyuki wakiwa wachache, kwa mfano kwenye roshani, pitisha brashi laini kwenye maua yaliyofunguka, adhuhuri pakiwa pakavu. Ua lenye kiini cheusi, lenyewe, limeunguzwa na baridi ya kugandisha, halitazaa. Usiku wa namna hiyo funika mimea kwa kitambaa chepesi. Na joto likipita nyuzi 30 hivi, hata zile aina zinazozaa kwa awamu husita kutoa maua. Usiing'oe, ipe kivuli cha mchana na isubiri.

Ukungu wa kijivu unaofunika tunda lililoiva huwa umeingia mapema, tangu kwenye ua. Kupuliza dawa juu ya tunda bovu ni kuchelewa. Acha hewa ipite kati ya mimea, ondoa majani makavu na kila tunda lililooza. Makoa na konokono hula usiku na kuacha shimo laini pamoja na ute. Wawinde kwa tochi, au weka ubao wenye unyevu uwakusanye asubuhi. Utitiri huja wakati wa ukavu na vumbi, jani likaonyesha vidoadoa vya manjano na utando mwembamba chini yake. Maji ya nguvu upande wa chini wa jani, kwa siku kadhaa mfululizo, huwapunguza sana.

Vuna tunda likiwa jekundu lote hadi penye kikonyo, kwa kuwa stroberi ikichumwa na ubichi haiendelei kukolea utamu. Ichume asubuhi pamoja na kipande cha kikonyo, na uioshe unapokwenda kuila tu.

Shamba la namna hii hudumu miaka mitatu au minne, kisha matunda hupungua ukubwa na virusi hujilimbikiza. Tumia marando ya mama mwenye afya kupata kizazi kipya: bana kitoto cha kwanza juu ya chungu chenye mboji, kipe wiki nne hadi sita kishike mizizi, ndipo ukate kamba. Usihangaike na mbegu. Stroberi ya bustani ni chotara wa jamii mbili, moja ya Amerika Kaskazini na nyingine ya Chile, ambayo mmea wake uliletwa Ufaransa na Amédée-François Frézier mwaka 1714. Wa kueleza uchotara huo alikuwa Antoine Nicolas Duchesne, mwaka 1766. Uzao wa chotara hutawanyika, kila mbegu na tabia yake. Wanaotangaza mbegu za stroberi za bluu wanawadanganya wanunuzi, maana hazipo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mnapochapisha makala ya bustani kuhusu mmea huu, wekeni mchoro mmoja wa miche mitatu kwa mkato: uliozama, uliochomoza, na uliokaa sawa. Na kwa wanaouza miche mitupu: andikeni kwenye fungu jina la aina, kama ni ya siku fupi au la, na tarehe ilipotolewa kwenye jokofu. Mnunuzi akijua hayo matatu, atajua ampe mche wake nafasi gani, anyofoe maua hadi lini, na kama anaweza kungoja Jumamosi au apande leo jioni.

Wako katika kilimo,
Msomaji na mkulima wa bustani ya nyumbani